Nyota Niliyomwekea Baba Mkwe

Imran alikuja kwangu Nyasubi juzi Jumapili bila kupiga simu. Nilikuwa uani naanika matobolwa, viazi vyangu nimeshavichemsha na kuvikata, navipanga juu ya mkeka, nikasikia mtu getini anasema, "Dada Minza, ile mashine bado unaikumbuka?" Sauti niliijua kabla sijageuka. Nikamwambia, "Mashine nimeisahau, ila deni la kunifundisha uzungu ule bado unalo," akacheka vilevile kama zamani, kicheko cha kupiga magoti kwa viganja. Ndevu zimekuwa nyeupe zote. Akavua viatu, akakaa mkekani pembeni ya viazi na kuanza kutafuna vile ambavyo havijakauka, na wajukuu zangu wakasimama mlangoni wanamwangalia, mzee wa Kihindi anayeamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka", na kula tobolwa kama amezaliwa Segese. Akawaambia, "Bibi yenu huyu alikuwa anaiandikia kompyuta amri, nayo inatii, ninyi bado hamjazaliwa." Kabula, yule mjukuu wangu wa chuo ambaye haamini kitu mpaka akishike, akasema, "Bibi gani? Huyu anayeniita kutoka chumbani nimwekee vocha?" Basi tukacheka, na Imran akaondoka jioni na mfuko wa karanga, lakini mimi tangu siku hiyo akili yangu imehamia kwenye kile chumba cha nyuma ya duka, nikiosha vyombo niko kule, nikilala niko kule. Acha nikisimulie, kitulie.

Ulikuwa mwaka nilioolewa. Ya ukoo wetu na ya mahari siyasemi hapa, wanaoyajua wanayajua na wasioyajua hawajapungukiwa kitu. Mume wangu Mhoja alikuwa anachimba kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, upande wa Segese, anarudi nyumbani mwili mzima rangi ya udongo, meno tu ndiyo meupe. Mimi nilipata kazi hapa Kahama mjini kwa Mama Salma, kumsaidia jikoni. Sasa mwanamke ndiyo kwanza ameolewa, hajakaa hata akajulikana, anakwenda kufanya kazi mjini, lilikuwa neno zito. Baba mkwe alikubali kwa shingo upande. Alimwambia Mhoja, "Aende mpaka msimu wa ngoma uishe. Ukiisha nitaangalia kama anabaki huko au anarudi hapa tulime." Nitaangalia. Neno hilo nilitembea nalo mwaka mzima kama kokoto kwenye kiatu. Kwa sababu mimi nilitaka kubaki. Nilitaka kubaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sikuwa na mtu wa kumwambia, maana kulima ni heshima na mimi silidharau jembe mpaka leo.

Lakini hebu fikiria ile nyumba. Mbele duka la vitambaa na redio la Baba Salma, watu wa Kihindi wale, Waislamu, babu yao alikuja hapa siku nyingi mpaka wao wenyewe hawakumbuki njia. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo ambayo Baba Salma aliigeuza studio ya kurekodi ngoma zetu za Kisukuma. Studio ninayosema usiione kubwa. Kuta zote walizipigilia trei za mayai, zile za makaratasi, walizokusanya kwa wakaanga chipsi wa Nyasubi nzima, zinanyonya mwangwi. Chumba kizima kilinukia kuku na mafuta. Katikati pazia la kitenge. Upande mmoja waimbaji na ngoma zao, upande wa pili meza, kompyuta na stuli. Mvua ikinyesha hakuna kurekodi, bati linapiga kelele kuliko ngoma. Na jirani kulikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Kila mara kundi likianza kuimba, yule msagaji naye anawasha, na Baba Salma anatoka mbio kwenda kumbembeleza. Nilikuwa nawasikia wanavyobishana nje. "Zima kidogo tu, wimbo mmoja." "Na huyu mama mwenye debe lake la mahindi nimwambie aende akale wimbo?" Na yule mama mwenye debe ndiye alikuwa anaamua, "Zima, kwani nani anaimba?" Akitajiwa manju anayempenda, yaani mtunzi wa ngoma anayemkubali, anakuja na yeye kusikiliza dirishani, unga unasubiri.

Kula kwetu kulikuwa jikoni, mimi na Mama Salma, sinia moja. Yeye alinifundisha chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, mpaka ichemke iinuke ishuke, iinuke ishuke. Mimi nilimfundisha nsansa, ile mboga ya mgagani uliokaushwa, uiunge na karanga. Mwanzo alikunja uso, akasema ina uchungu ulimini. Baada ya muda akawa ananiuliza akiwa bado kwenye kanga ya asubuhi, "Minza, ile chungu ipo?" Tulikuwa tunaongea mpaka chapati zinaungua. Baba Salma anapita na kusema, "Ninyi wawili mtanichomea nyumba kwa stori," na mkewe anamjibu, "Ikiungua utapata stori mpya." Kicheko changu ni kikubwa, hivi ndivyo nilivyoumbwa, na nyumba ile ilikuwa nyumba ya kwanza ambayo hakuna aliyeniambia nikipunguze.

Jikoni nilitolewa na Imran. Alikuwa mtoto wa dada yake Baba Salma, kijana amesomea mambo ya kompyuta, amerudi na mashine aliyoiunga mwenyewe kwa vipande. Haikuwa kama hizi za siku hizi unazogusa picha. Haikuwa na picha, hata kipanya haikuwa nacho. Kioo cheusi, maandishi meupe, na kijimstari kinapepesa kinakusubiri useme unataka nini. Unaiandikia neno la amri, unabonyeza kitufe kikubwa cha pembeni, inafanya. Haikuulizi una uhakika, haikubembelezi. Imran alikuwa anasema, "Hii haina adabu wala haina ubaya, inafanya ulichosema, siyo ulichofikiria." Sasa yeye Kisukuma alikuwa anaokoteza. Likija kundi hajui nani kaimba nini, wimbo unasemaje, ni wa kulimia au wa wacheza na nyoka. Anakuja jikoni, "Dada Minza, huyu anasema nini hapa?" Nami mikono ina unga. Mwisho akasema kuliko kukimbizana, kaa kwenye stuli mwenyewe. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini herufi nilikuwa nazijua. Akanionyesha amri ya kuanza kurekodi, amri ya kusimamisha, na namna ya kuipa kila rekodi jina lake, yaani faili. Sheria yake moja: jina la mwimbaji kwanza, halafu namba ya wimbo. Nilikuwa nachapa kwa kidole kimoja, ulimi nje. Nilivyolipata faili la kwanza liko pale kwenye kioo, jina nimeliandika mimi, nilitoka nikaenda kumwita Mama Salma aje alione, naye akaja na mwiko mkononi akasimama, akasema, "Mashallah, limenyooka."

Basi ukafika msimu. Makundi yanatengeneza CD zao kabla ya mbina, yale mashindano ya ngoma baada ya mavuno, ili mashabiki wazipige kwenye maduara, kwenye vibanda, kila mahali, upande wa pili, yaani kundi pinzani, usikie uumie. Na baba mkwe wangu alikuwa manju. Siyo manju wa kijiji, manju wa kujulikana mpaka Geita, watu wanatoka Chato kwa basi kuja kumwona. Siku Baba Salma aliposema, "Kesho tuna mzee wa Segese," nilijua ni yeye, baba mkwe. Imran alikuwa amekwenda Geita kutengeneza mashine ya mtu. Kwenye stuli nilikuwa mimi peke yangu.

Watoto wa sasa hawaelewi, kwa hiyo nieleze. Kwetu mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Mkikutana njiani unaiacha njia, unapiga magoti pembeni, unamwamkia ukiangalia chini. Huli mbele yake. Hukai chumba kimoja naye. Na jina lake hulitaji, hata ukipigwa. Kuna fundi baiskeli hapa mjini alikuwa na jina hilohilo, mimi nilikuwa namwita "yule wa baiskeli" mpaka akadhani sijui jina lake akawa ananikumbusha. Sasa Mama Salma akasema, "Pazia lipo, hakuoni. Wewe kaa kimya tu." Na Baba Salma akasema akigonga ukuta mara moja nianze, akigonga tena nisimamishe, mzee atadhani ni yeye anayeendesha. Basi nikaingia kabla hawajafika, nikavaa hedifoni, nikashusha kanga mpaka machoni kama vile anaweza kuniona kupitia kitenge.

Akaimba. Mimi sauti yake nilikuwa naijua kwa "marahaba" tu, tena ya mbali. Kumbe ndani ya mtu yule mkavu kulikuwa na mambo yote yale. Alikuwa na mpiga ngoma wake, mzee Ngasa, rafiki yake tangu wakichunga ng'ombe. Kwenye hedifoni nilikuwa nasikia hata anavyovuta pumzi. Wimbo ukaisha, ukuta ukagongwa, nikasimamisha, na mashine ikaniuliza jina. Kidole kikabaki hewani. Kutaja siwezi, je kuandika? Kuandika si ndiyo kutaja kwa mkono? Nikaona hapana. Mahali pa jina nikaweka kistari, halafu namba moja. Kistari ni kitu cha heshima, kimelala, kimeinamisha kichwa. Wimbo wa pili kistari na mbili. Ikawa hivyo, na kila wimbo ulikuwa mzuri kuliko uliotangulia, msagaji wa jirani naye amezima mwenyewe siku hiyo bila kuombwa.

Ule wa mwisho ulikatika katikati. Sauti ilipanda, ikafika pale juu inapotakiwa kugeuka, ikapotea, kama taa. Akakohoa. Wakati huohuo msagaji uvumilivu ukamwisha, mashine ikanguruma, na Baba Salma akatoka mbio kwenda kubishana, ukuta hajaugonga. Nikakaa nasubiri kugonga, na rekodi inaendelea. Ndipo nikamsikia baba mkwe anasema, taratibu, masikioni mwangu kabisa, "Ngasa." Akaitikia. "Umesikia?" Ngasa akasema, "Nimesikia vumbi la koo." Akasema, "Siyo vumbi. Ile ya juu imekatika. Tangu mvua zilizopita inakuja na kuondoka. Mwaka huu ni wa mwisho, mwakani nikisimama watanicheka." Ngasa akasema, "Upande wa pili wakijua watakutungia wimbo." Akasema, "Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshautunga," wakacheka wote wawili, kicheko kidogo cha wazee.

Halafu Ngasa akasema, "Na huyu mke wa Mhoja, watu wanasema unamrudisha akalime." Baba mkwe akasema, "Nani kasema? Nilisema nitaangalia." "Na umeangalia?" "Chai yake nzuri," akasema. Ngasa akamwambia, "Chai tu?" Ndipo akasema maneno haya, nayasema kama alivyoyasema: "Mhoja tangu mama yake atutoke sikuwahi kumsikia anacheka. Sasa anarudi kutoka kwenye shimo anacheka peke yake. Uso wa yule binti siujui, namjua kwa kicheko. Nikija huku mjini nakisikia kabla sijafika mlangoni, nasimama kwanza. Ila asijue, kichwa kitavimba." Na Ngasa akasema, "Kitavimba kweli."

Baba Salma akarudi, akaukumbuka ukuta, akaugonga. Nikamsikia anasema, "Mzee, samahani, mashine ilikuwa bado inakula. Hii mbovu nayo imeingia." Baba mkwe akasema, "Itoeni. Asiisikie mtu." Na kwa sababu koo lilikuwa limeshakataa, akasema zile nzuri ndizo zitoshe, hawezi kurudia hata mmoja msimu huu, atakuja kuchukua CD zake Jumamosi. Wakaondoka. Mimi nimebaki na kioo kinaniuliza jina. Sikutaka ile mbovu ifanane na zile nzuri, nikabonyeza nyota. Nyota peke yake, ile ndogo iliyo juu ya namba nane, na nadhani niliegemea na ubao ule mrefu wa chini, wa kuacha nafasi. Nikatoka kwenda jikoni kujificha. Nilikuwa nimejua kwamba nimekubalika, na siri ya mzee iko ndani ya mashine kwa mkono wangu, sehemu moja na maneno yale yaliyonikubali. Ile mbovu ikitoka kwenye CD, upande wa pili wanamcheka Segese mpaka Chato. Zile nzuri zikipotea, hana msimu. Vyovyote ikiwa, mimi narudi kwenye jembe, na halali yangu.

Mashine ile ilikuwa inachoma CD ya kila kilichomo kwenye folda, haichagui, kwa hiyo lazima ile itolewe kwanza. Imran bado yuko Geita. Ijumaa asubuhi Baba Salma akachoka kusubiri. Akasema amemwona Imran akifuta, ni herufi mbili tu, r na m, halafu jina la unachofuta. Akakaa kwenye stuli yangu, stuli ikalia. "Hii mbovu umeiitaje?" Nikasema, "Nyota." "Nyota?" "Ndiyo, baba." Akaniangalia, akaandika r, akaandika m, akatafuta nyota kwa kidole, akabonyeza kitufe kikubwa kabla hata sijakaa sawa. Kioo kikatoa mistari ya Kiingereza. Akasogeza miwani. "Inasema sijui nimekosea nini na namba moja," akasema, "haina shukrani hii." Akataka kujaribu tena, lakini muda wa msikiti ukawa umefika, Mama Salma akamwita kanzu iko tayari, akaenda.

Imran aliingia mchana na vumbi lake la barabarani, akapita jikoni akachota wali kwa mkono, akaenda kuangalia mashine yake. Nikamfuata. Nimemkuta anasoma kioo, mkono na wali wake umebaki hewani. "Nani ameandika hii?" Baba Salma alikuwa amerudi, akasema, "Mimi. Nimeiambia ifute nyota, imekataa." Imran akasema polepole, "Mjomba, nyota kwa mashine hii maana yake ni vyote. Umeiambia ifute nyimbo zote. Zote zilizomo kwenye folda, hata moja isibaki." Baba Salma akakaa juu ya ndoo. "Zimekwenda?" Imran akaandika amri ya kuorodhesha, na orodha ikashuka kwenye kioo, yote, imejaa. "Hazijakwenda," akasema. "Zimeokolewa na hivi." Akagusa vistari vyangu. Akatueleza kwamba mashine ikiona kistari mwanzoni mwa neno haioni jina, inadhani umeiongezea maagizo ya namna ya kufanya kazi. Ilipoanza kufuta vyote ikakutana na kistari moja, ikasema agizo hili silijui, ikagoma kazi nzima. Akaanza kucheka, anacheka anapiga magoti, wali unaruka. "Dada Minza, nani amekufundisha kuweka vistari? Na jina la mwimbaji liko wapi?"

Nikaangalia chini. Naye akauliza tena, siyo kwa ubaya, "Hizi ni za nani? Nitajie tu." Siwezi. Mama Salma alikuwa mlangoni, akasema, "Imran, ni mkwewe." Basi, kijana wa watu akaacha kucheka palepale. Akasema, "Bibi yangu mpaka anafariki alimwita babu 'mwenye duka'. Siku duka limefungwa alikuwa hajui amwiteje." Akaosha mikono, akakaa. Akasema ipo njia ya kuifunga nyota kwa alama pande mbili ili mashine ijue ni jina tu, akaandika hivyo, mashine ikasema hakuna faili kama hilo. Akaniuliza kama nilibonyeza kingine. Nikamwambia labda niliegemea ubao wa chini. "Nafasi," akasema, "umeacha nafasi mbele ya nyota na hazionekani. Mimi leo sikisii na nyota." Akawaza, akanigeukia. "Dada Minza, tusimtaje. Kila faili ndani ya mashine lina jina la juu tulilolipa sisi, na lina namba yake ya chini iliyopewa na mashine yenyewe. Jina likikushinda, unaiita kwa namba." Akaandika amri, na pembeni ya kila jina ikatokea namba ndefu. Pembeni ya nyota yangu nayo. Jamani, sikuwahi kufurahi kuona namba. Niliona hata mashine imefunzwa adabu za kwetu, ina namna ya kumsema mtu bila kumtaja.

"Lakini lazima tuhakikishe ndiyo yenyewe kabla sijaifuta," akasema, "ikifutwa hairudi, hii haina debe la taka." Nikamwambia mzee amesema asiisikie mtu. Akafikiri, akaniambia, "Wewe ulishaisikia." Akanivalisha hedifoni, akaiita ile rekodi kwa namba yake, na yeye na Baba Salma wakageukia ukuta kama watoto wa adhabu, wanaangalia trei za mayai. Nikasikiliza. Sauti ikapanda, ikapotea. Kikohozi. Ngasa, umesikia. Nilitakiwa kusema ndiyo hii, basi, inatosha. Sikusema. Nilikaa mpaka mwisho, mpaka nasimama kwanza, mpaka kichwa kitavimba. Ndipo nikavua hedifoni nikasema, "Ni yenyewe." Imran akaandika amri yake ndefu, ndani yake ile namba, na safari hii aliiwekea iulize kwanza. Ikauliza. Akanyanyuka kwenye stuli. "Jibu wewe," akasema, "ni ya kwenu. Herufi y, halafu kitufe."

Nikakumbuka kwamba hakuna mahali pengine duniani maneno yale yapo. Yeye hatayarudia, siyo mtu wa kurudia, na mimi siwezi kumuuliza. Nikabonyeza y. Nikabonyeza kitufe. Imran akaorodhesha tena, na vistari vyote vipo, vimelala vizuri, na nyota haipo.

Jumamosi baba mkwe alikuja na mzee Ngasa kuchukua CD zake. Nilimsikia dukani anamwuliza Baba Salma, "Ile imetoka?" Akamwambia imetoka. "Nani ameisikia?" Na Baba Salma ni mtu asiyejua kudanganya, akija mteja anamwambia mwenyewe kitambaa hiki kitachuja. Akasema, "Mkwe wako, mzee. Ndiye anayeendesha mashine. Hata hii kazi yote ya juzi ni yeye." Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya mlango, sufuria ya chai mkononi. Nikasikia fimbo yake inakuja korido, inakuja, ikasimama upande wa pili wa mlango. Nikapiga magoti palepale na sufuria yangu. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Namsikia anavuta pumzi kama kwenye hedifoni. "Ulisikia?" Nikasema, "Nilisikia, baba." "Yote?" "Yote."

Msimu uliofuata alisimama mwenyewe mbele ya watu akatangaza kwamba sauti imemwisha, akamkabidhi kijana mwingine kundi, na upande wa pili wakamtungia wimbo kweli, akaupenda, akawa anauimba kwa kunong'ona akichunga. Kwa hiyo leo si siri ya mtu. Lakini siku ile ilikuwa siri, na mimi nimepiga magoti nyuma ya mlango nasubiri. Akasema, "Ya mwanzo yafute na huko kichwani." Nikasema, "Yamefutika, baba." Fimbo ikasogea kidogo kwenye sementi. "Ya mwisho usiyafute," akasema. Halafu akamwita Ngasa waondoke, na nikamsikia akiwa ameshafika dukani anamwambia Baba Salma kwa sauti ya kawaida, kama anayeulizia bei ya kitambaa, kwamba mke wa Mhoja atabaki hapa, wasimtafutie mtu mwingine.

Nikamimina chai. Mama Salma alikuwa ananiangalia, akaniuliza kichwa kinauma au nini, mbona nakishika hivyo, nikashindwa kumjibu kwa kucheka. Halafu Imran akaita kutoka studio kwamba kuna kundi kutoka Geita limefika na ngoma zao, nikafuta mikono kwenye kanga nikaenda kukaa kwenye stuli yangu. Walikuwa wengi, wamejaa mpaka nje, na hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake lilinishinda kuandika.